Uliza Fundi wa Sauti: Chumba cha marumaru na kioo, niweke spika gani?

SWALI

Habari za kazi kijana wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi, huku Rau. Sebuleni kwangu kuna tivi na sabufa kubwa ambayo wajukuu wameshaimiliki, yani jioni nikitaka kusikiliza kwaya zangu inabidi niombe. Sasa mwaka huu nimemalizia chumba cha pembeni, mita 5 kwa 4, kwenda juu mita 3, chini marumaru, juu jipsamu, ukuta umepigwa skimu ukalainika kama ganda la yai, na ule ukuta mfupi wa kaskazini nimeweka dirisha kubwa la kioo la kusukuma ili nimuone Kibo nikiamka. Chumba ni kizuri ila nilipohamishia ile sabufa kujaribu nilisikitika, maneno ya kwaya yanapandana, besi inavuma kama lori limeegesha nje, na soprano zinachoma masikio. Nina amplifaya ya marehemu mume wangu, ya Kijapani, ya miaka ya 80, bado inawaka. Nimetenga milioni moja. Mwanangu yuko Marekani anasema nimwachie hiyo hela atafute spika ndogo nzuri hukohuko azitume, jirani anasema ninunue sabufa kubwa zaidi, na fundi aliyenijengea anasema nibandike trei za mayai ukutani. Nimsikilize nani?

Mwalimu, Rau, Moshi

JIBU

Shikamoo mwalimu, na pole sana kwa mzee. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu chumba ulichokieleza nakijua, huku Arusha ukizunguka Njiro, Moshono, Olasiti, nyumba mpya karibu zote ziko hivohivo, marumaru chini, skimu ukutani, jipsamu juu, alminiamu na kioo, zinapendeza machoni na zinatesa masikio. Mimi nilipohamia nyumba ya namna hiyo Njiro nilibeba spika zangu zenye wufa (ile spika kubwa ya besi ndani ya boksi) za inchi 8, spika nilizozipenda miaka yote nikiwa kwenye nyumba ya zamani yenye dari la mbao na makochi yaliyojaa, nikaziwasha na ndani ya dakika kumi nikazizima. Hazikuwa zimeharibika, chumba tu ndo kilikuwa kingine.

Kwa kifupi, mwanao yuko sahihi, ndogo ndo za kwako. Jirani mshukuru ila usimfuate. Na trei za mayai usiruhusu, nitakwambia kwa nini huko mbele. Ila hata mwanao usimwachie milioni yote mwalimu, toa laki tatu mpaka nne zibaki hapo Moshi kwa ajili ya chumba chenyewe, kinachobaki ndo cha spika. Najua inauma kununua pazia kwa hela ya muziki, lakini nisikilize kwanza.

Ingia kwenye chumba kikiwa kimya, simama katikati, gonganisha viganja mara moja kwa nguvu. Utasikia mlio wa haraka haraka unaofuatana, trrrr, kama mtu kapitisha fimbo kwenye nondo za dirisha. Hiyo ni sauti inaenda ukuta huu na kurudi ukuta ule, na kwa vile sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwenye chumba cha mita 4 inakuwa imeshavuka kutoka ukuta mpaka ukuta zaidi ya mara 80 kabla sekunde moja haijaisha. Sasa mwanakwaya akitamka neno moja, lile neno linaendelea kuzunguka wakati la pili linatamkwa. Hapo hata ulete spika za milioni kumi maneno yatapandana tu.

Kuna kisa nakipenda sana, na wewe kama mwalimu utakifurahia. Mwaka 1895 chuo cha Harvard huko Marekani walikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara kwenye jengo la Fogg, na mwalimu akisimama kufundisha haeleweki, neno likitoka linabaki linaelea zaidi ya sekunde 5 kabla halijapotea. Kazi ya kutafuta dawa akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Huyu bwana akawa anafanya kazi usiku mji ukiwa umelala, yeye na wasaidizi wake wanabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, Sanders Theatre, wanaipanga kwenye ule ukumbi mbovu, anapuliza bomba la kinanda cha kanisani, anasimamisha, anapima kwa saa mlio unachukua muda gani kupotea, anaongeza mito, anapima tena, alafu kabla hakujakucha mito yote inarudishwa ilikotoka. Kwenye mito hiyo akapata hesabu inayotumika mpaka leo, na yeye ndo aliyeshauri sauti ya ukumbi wa Boston Symphony Hall uliofunguliwa mwaka 1900, ambao mpaka leo unasifiwa dunia nzima.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sabine alijiuliza, kitu gani kinameza sauti yote bila kurudisha hata tone? Akajibu, dirisha lililo wazi, maana sauti ikitoka nje hairudi. Kwahiyo kila kitu chumbani akakilinganisha na mita ya mraba moja ya dirisha wazi. Chukua ujazo wa chumba chako, 5 mara 4 mara 3 ni 60, zidisha kwa 0.161, unapata 9.66, gawa kwa jumla ya hayo "madirisha wazi", jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua kufifia. Chumba chako kitupu kina mita za mraba 94 ukijumlisha sakafu, dari na kuta, na vyote hivyo ni vigumu, nikikadiria vinameza kama asilimia 5 tu, yani sawa na dirisha wazi la mita za mraba 4.7. Inakuja sekunde 2. Weka kochi moja na wewe mwenyewe umekaa, inafika labda 7, sekunde zinashuka mpaka 1.4. Sasa ongeza mapazia mazito yenye mikunjo mita 8 za mraba, haya yanameza kama nusu, ni 4. Zulia nene la mita 2 kwa 3 ni 2 hivi. Kabati la vitabu lililo wazi, mengine madogo madogo, tufanye jumla imefika 14. Sekunde 0.7. Kwa muziki wa nyumbani watu wengi wanapenda kati ya 0.4 na 0.6, ila kwa mpenda kwaya 0.7 haina ubaya kabisa, kwaya ikikaushwa mno inapoteza pumzi yake.

Umeona laki tatu zinavofanya kazi? Hamna spika duniani inayoweza kukushushia sekunde 2 mpaka 0.7.

Mapazia usinunue yale mepesi yanayopeperuka, hayo yanameza juu juu tu na kuacha sauti ya mtu ikizunguka kama kawaida. Nenda Memorial kwenye mitumba utafute yale mazito ya velveti au yenye bitana nene, na upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha ili pazia likifungwa bado libaki na mikunjo, maana mikunjo ndo kazi yenyewe. Na kumbuka lile dirisha wazi la Sabine ni dirisha kweli, Moshi joto la Januari na Februari unalijua mwenyewe, sukuma kioo nusu, mita moja na nusu ya uwazi ni sawa na mita tatu za pazia zito, bure. Jirani atasikia kwaya lakini najua hatakasirika.

Sasa wapi pa kuweka, na hapa nimefurahi kwa sababu mlima na muziki havigombani. Spika zisimame upande wa dirisha, moja kushoto moja kulia, zinakutazama wewe, na wewe unatazama mlima. Sauti nyembamba haitoki kwa nyuma ya spika kwa wingi kwahiyo kioo kikiwa nyuma yake hakina madhara sana, kibaya ni kioo kuwa ubavuni upande mmoja na ukuta upande wa pili, hapo mwimbaji anavutwa upande mmoja. Ziache nusu mita kutoka ukutani, kati ya moja na nyingine mita 2, na kochi lako lisogee mpaka kama mita 3 kutoka dirishani. Usilibane ukutani nyuma! Ndo kosa la nyumba zetu nyingi, makochi yote yamebandikwa ukutani kama viti vya zahanati, alafu mtu anashangaa besi nyingi na maneno hamna. Na pia usilikalishe katikati kabisa mwa chumba, mita mbili na nusu, kuna besi za kama hezi 69, yani mitetemo 69 kwa sekunde, zinajikusanya hapohapo. Ukikaa mita 2 kutoka kwenye spika unasikia spika, ukikaa mita 4 unasikia ukuta.

Ule ukuta wa nyuma yako ndo unapokea sauti yote ya mbele, kwahiyo hapo weka kabati la vitabu, wazi, lisiwe la vioo, vitabu vipangwe vikiingia na kutoka visilingane. Mwalimu mstaafu hakosi vitabu, naamini vingine bado viko kwenye maboksi. Kuta za ubavuni usizijaze, tafuta sehemu moja tu kila upande. Unakaa kwenye kochi, mjukuu anapitisha kioo cha kujitazama ukutani polepole, pale utakapoiona spika kwenye kioo ndo pa kuning'iniza zulia dogo nene au blanketi zuri lililokunjwa mara mbili. Asubuhi mlima uko wazi, mapazia yabaki pembeni, mchana Kibo akishajifunika mawingu na wewe funga.

Tuje kwenye spika sasa, na naomba uvumilie kidogo maana hapa ndo watu wanauziwa vitu visivyowafaa.

Spika haitoi sauti mbele tu, inatoa pembeni, juu, chini. Kwenye chumba laini ile ya pembeni inamezwa, hujali. Kwenye chumba kigumu kama chako ile ya pembeni inagonga ukuta na kurudi kwako muda mfupi baada ya ile ya mbele, kwahiyo unasikia zote mbili zimechanganyika, na kama ya pembeni ina kasoro basi kasoro hiyo unaletewa mpaka kwenye kiti. Spika nyingi za kawaida zina wufa chini na twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, juu. Wufa ikipanda kwenye sauti nyembamba inaanza kubana, inamulika mbele tu kama tochi, na hii inaanza pale wimbi la sauti linapolingana na upana wa wufa. Wufa ya inchi 8 ni sentimita 20, inaanza kubana kwenye hezi 1,700 hivi, wakati twita yake labda inapokea kazi kwenye hezi 2,500 au 3,000. Hapo katikati pembeni pamekosa sauti, alafu ghafla twita inaingia ikimwaga kila upande. Ule mruko ndo unaoitwa sauti kali, na uko palepale kwenye makali ya soprano zako. Wufa ya inchi 5 inafika kwenye hezi 2,700 kabla ya kubana, inakutana na twita vizuri zaidi. Ndo maana nakwambia ndogo, na sio kwa sababu ya kubana matumizi.

Mtafiti mmoja anaitwa Floyd Toole, alipokuwa baraza la taifa la utafiti huko Kanada miaka ya 1980, alikalisha watu wasikilize spika nyuma ya pazia bila kujua ni zipi, na zilizopendwa zaidi zikawa zile zenye sauti iliyonyooka mbele na ambazo pembeni pia zinashuka taratibu bila mabonde. Hii kitu unaweza kuipima mwenyewe bila mashine, na mwambie mwanao afanye hivo dukani kabla hajalipa. Aweke mtu anaongea, taarifa ya habari inatosha, asimame mbele ya spika moja, alafu asogee taratibu mpaka ubavuni huku anasikiliza. Sauti ya msomaji ikipungua ukali kidogo kidogo ni sawa. Ikigeuka ghafla kama vile mtu kaingia kwenye ndoo, au s zikaanza kuruka, aiache hata kama boksi linang'aa.

Aina mbili zinafanya hili vizuri kwa kawaida. Moja ni zile twita imekaa katikati ya wufa, kama KEF ambao wametumia mtindo huo tangu 1988, sauti zote zinatokea shimo moja kwahiyo juu, chini na pembeni zinafanana, KEF Q150 ni ndogo, wufa ya inchi 5 na robo, omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme wa amplifaya), na hata zilizotumika zikiwa safi zinafaa. Ya pili ni zile twita imezungukwa na bakuli linaloielekeza sauti, mfano JBL 305P, ila hizo zina amplifaya ndani. Kwa wewe mwenye amplifaya ya mzee mimi ningeenda na za kwanza, zisizo na umeme wake. Na usidhani spika ndogo ni kitu cha juzi, BBC ya Uingereza miaka ya 1970 walibuni spika inaitwa LS3/5A, wufa ya inchi 5 tu, kwa ajili ya mafundi wao waliokuwa wakisikiliza matangazo ndani ya magari, sehemu finyu kabisa, na walichokuwa wanataka zaidi ya vyote ni sauti ya mtu isikike kama mtu. Mpaka leo watu wanaitafuta.

Kuhusu besi usiogope kwamba itakosekana. Chumba cha mita 5 kina besi yake kinachopenda kuivimbisha, hezi 34, ukuta wa mita 4 hezi 43, kimo cha mita 3 hezi 57. Kuta zako ni tofali na plasta, besi haipenyi ikatoka kama kwenye nyumba ya mbao, inabaki humo inavuma. Ile sabufa ya wajukuu ilikuwa inaziamsha zote tatu, ndo lori lako hilo. Spika ya inchi 5 inaanza kuishiwa nguvu kwenye hezi 55 au 60 hivi, kwahiyo zile za chini kabisa inaziacha zimelala, na chumba kinasaidia kidogo kilichobaki. Kama ina tundu nyuma na bado besi imezidi, isogeze mbele, kama bado, ziba tundu kwa sponji au hata soksi safi iliyokunjwa. Usiiweke kwenye kona hata siku moja.

Umeme sasa, maana hapa watu wameunguza vitu. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Spika yenye amplifaya ndani ikitoka huko lazima nyuma iwe imeandikwa 100 mpaka 240, au iwe na swichi ya kubadilisha, na swichi ibadilishwe kabla ya kuchomeka. Spika isiyo na umeme wake haina habari na volti za ukutani, ndo sababu yangu nyingine ya kukushauri hizo. Amplifaya ya mzee kabla haijaunganishwa na spika mpya ipelekwe kwa fundi wa redio, sio tu kusafishwa vile vinobu vinavyokwaruza, mwambie apime volti za moja kwa moja (DC) kwenye matundu ya spika ikiwa imewashwa bila muziki. Zikiwa chini ya milivolti 50 ni salama, zikiwa volti kamili zitachoma wufa zako siku ya kwanza. Na asome nyuma inataka omu ngapi, nyingi za wakati ule zinataka 8 kwenda juu, kwahiyo mwanao asinunue za omu 4. Mzee aliitunza mpaka leo inawaka, inastahili hiyo safari ya kwa fundi.

Stendi achomelee fundi wa mageti hapohapo mtaani, paipu za mraba, urefu ambao twita inalingana na sikio lako ukiwa umekaa, kwa watu wengi ni mita moja hivi kutoka chini, alafu ndani ya paipu ajaze mchanga mkavu. Usiweke spika juu ya meza pana, meza nayo inarudisha sauti.

Trei za mayai nilisema nitarudi. Ni karatasi nyembamba, zinapunguza mlio mwembamba kidogo na kuacha kila kitu kingine kama kilivokuwa, kwahiyo chumba kinabaki na mwangwi ila sasa mwangwi mzito mzito usiopendeza, na zinashika moto haraka sana. Kwenye nyumba yenye wajukuu, hapana. Ukitaka kitu cha kubandika, mito ya sufi, ile ya msufi wetu, inameza vizuri zaidi ya trei mia.

Ukishapanga niandikie, na ile ya viganja irudie kabla na baada.

SWALI

Kaka mambo, nina saluni Kijenge hapa Arusha, vioo pande zote mbili vinatazamana, chini marumaru, spika moja kubwa ya bluututhi iko juu ya kabati. Kufika mchana watu wanapiga kelele mpaka kichwa kinauma, nikipunguza muziki wateja wanasema saluni imekufa. Nafikiria kununua spika kubwa zaidi ili muziki uzishinde kelele.

Dada wa saluni, Kijenge

JIBU

Poa dada yangu, pole na kichwa. Usinunue kubwa tafadhali. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alionyesha mwaka 1911 kwamba mtu akisikia kelele anapandisha sauti yake mwenyewe bila kujijua. Kwahiyo ukipandisha muziki wateja wanapandisha, draya zinawaka, wanapandisha tena, na vioo vinarudisha vyote. Uza hiyo kubwa, tafuta mbili ndogo zinazokubali kuunganishwa na simu moja, weka kila moja mwisho wake wa saluni, kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa, zote kwa sauti ya chini. Sasa hivi aliye karibu na kabati anapigwa na muziki na aliye mlangoni hasikii, ndo maana unalazimika kupandisha. Mbili ndogo zinawafikia wote bila nguvu.

Alafu taulo, toa kabatini zipange kwenye rafu wazi ukutani, nyingi kadri unavyoweza, zimekunjwa nene. Utashangaa. Na kile kioo kimoja kama kinaweza kuinama kidogo juu, kisitazamane moja kwa moja na mwenzake, hata nyuzi chache, mlio wa kurudi rudi unapungua.

SWALI

Bro, nimeona sabufa mbili dukani, moja imeandikwa 8000W PMPO na nyingine 60W tu ila bei ya ya pili iko juu. Duka linaniibia au?

Kijana, Sakina

JIBU

Hapana mdogo wangu, yenye 60 inawezekana ndo inayokwambia ukweli. PMPO ni namba ambayo kila mtengenezaji anaihesabu anavyotaka, haina kipimo kimoja kinachokubalika, iache kabisa. Tafuta neno RMS, yani wati inazoweza kutoa mfululizo. Kama halipo, geuza boksi usome kile kibati cha nyuma panapoingia waya wa umeme, utakuta hiyo ya 8000 imeandikwa inakula wati 50 au 60 ukutani, na kitu hakiwezi kwa muda mrefu kutoa wati nyingi kuliko zile kinazokula. Alafu ujue wati zikiongezeka mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo, kwahiyo kati ya wati 60 na 80 za kweli usihangaike, sikiliza ipi inatamka maneno vizuri. Omba wazime ile taa ya rangi rangi wakati unasikiliza, na uombe waishushe kutoka juu ya zile spika nyingine zilizopangwa, iwe sakafuni peke yake kama itakavyokaa kwako.